Nyuki barabarani: Je, mwendesha pikipiki asimame au aendelee?

WAENDESHAJI pikipiki katika kisiwa cha Mombasa wamezoea kuonywa kuhusu matatu zinazowabana, utelezi wa barabara wakati wa mvua na abiria wanaotaka kupakiwa watatu kwa mpigo. Ni nadra mtu kuwaonya kuhusu kiumbe mwenye uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, ambaye huweza kupenya katika helmeti na kumfanya dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi aachie usukani.

Kiumbe huyo ni nyuki. Kwa mtu asiye na mzio, mwiba mmoja huleta maumivu ya saa kadhaa na uvimbe wa siku moja au mbili. Linalovunja miguu ni lile ambalo dereva hulitenda katika sekunde mbili za kwanza: kujipiga kibao usoni, kufumba macho, kushika breki ghafla au kuugeuza usukani kuelekea magari yanayokuja.

Hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Dereva atakayehangaika na nyuki kwa sekunde tatu atakuwa amesafiri zaidi ya mita 40 bila kuangalia mbele. Daraja la Nyali, lile lililokamilika mwaka 1980, lina urefu wa karibu mita 390, kwa hivyo sehemu zaidi ya moja ya kumi ya daraja hilo itakuwa imepitwa na mtu asiyeona.

Ndani ya Mji wa Kale mwendo ni mdogo, lakini nafasi nayo ni ndogo zaidi. Katika Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake bado limebeba lafudhi ya Kimvita, hata kilomita 20 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde mbili. Ndani ya mita hizo mna mlango uliofunguliwa, mkokoteni wa hamali, mtoto anayetoka chuoni na wazee waliokaa barazani.

Wengi hudhani kuwa nyuki ni wa mashambani, na kwamba kisiwa kilichosongamana majengo hakiwafai. Nyuki huhitaji chakula, maji na tundu kavu la kujengea masega, na kisiwa kina vyote hivyo tele.

Mwarobaini, ambao baadhi ya Wapwani huuita mkilifi, umepandwa kando ya barabara na katika nyua za nyumba. Ukichanua, maua yake madogo meupe hutoa harufu inayokaribia ile ya asali, na nyuki huifuata. Minazi huchanua mwaka mzima. Miembe na mizambarau ina misimu yake. Kando ya hori la Tudor kuna mikoko, na miongoni mwa jamii za mikoko, mchu ndio unaosifiwa zaidi kwa mbochi, yaani yale majimaji matamu ya maua ambayo nyuki huyageuza kuwa asali. Si ajabu kwamba ufugaji wa nyuki katika misitu ya mikoko umekuwa shughuli ya vikundi vya kijamii katika sehemu kadhaa za pwani ya Kenya.

Kuna pia chakula ambacho hakikutoka mtini. Mashine za kukamulia miwa, sinia za tende na chupa za soda zilizoachwa nusu huwavuta nyuki, hasa maua yanapokuwa haba. Dereva anayengoja abiria karibu na mashine ya miwa, huku helmeti yake ikining'inia kichwa chini kwenye kioo cha pembeni, amemfungulia nyuki chumba bila kujua. Atakapoivaa kwa haraka abiria anapofika, mgeni atakuwa tayari yumo ndani.

Halafu kuna makao. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko. Jengo la namna hiyo likikaa miaka bila kukarabatiwa, chokaa hubanduka, nyufa hupanuka na mashimo ya boriti hubaki wazi. Nyuki wa Afrika hawana uchaguzi mwingi: hukubali tundu dogo kuliko wenzao wa Ulaya, na wakikosa tundu hujenga hadharani chini ya tawi. Mibuyu mikongwe ya Mama Ngina nayo ina mashimo ambayo hayahitaji seremala. Lugha ya Kiswahili huita nyumba ya nyuki mzinga, neno hilo hilo linalotumiwa kwa silaha zilizolinda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Vyote viwili vina umbo la gogo lenye uwazi ndani, na wote waliopata kukaribia kimojawapo kwa pupa wanajua kuwa vinafanana kwa mengine pia.

Nyuki wa mwambao wa Afrika Mashariki anajulikana na wanasayansi kama Apis mellifera litorea. Ni mdogo, mwenye rangi ya manjano iliyokolea, na ni jamaa wa karibu wa Apis mellifera scutellata wa nyanda za bara. Hao wa bara ndio ambao mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr aliwapeleka Brazil kutoka Afrika Kusini na Tanzania. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya na kusambaa hadi Marekani, walikofika mwaka 1990 wakiwa wamepewa jina la nyuki wauaji.

Jina hilo limetia chumvi. Sumu ya nyuki mmoja wa Kiafrika haizidi ile ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba mzinga wake ukisumbuliwa, walinzi hutoka wengi zaidi, hutoka upesi zaidi, na humwandama adui kwa mamia ya mita badala ya kurudi baada ya hatua chache. Ni tofauti hiyo inayomlazimu mwendesha pikipiki kujua kwanza amekutana na nini kabla ya kuamua kusimama au kuendelea.

Nyuki aliye peke yake, mbali na mzinga, hana cha kulinda. Ametoka kutafuta mbochi au maji, na huuma tu akibanwa: kati ya shavu na sponji ya helmeti, ndani ya mkono wa shati, au chini ya kidevu pale mkanda unapofungwa. Mwiba wake una vijino vinavyonasa katika ngozi, na akiuacha hufa. Kumpiga kofi ni kumbana, na kumbana ni kumlazimisha autumie.

Kwa hivyo, kwa nyuki mmoja, dereva husimama. Hushika usukani kwa mikono yote miwili, hupunguza mafuta pole pole, huwasha taa ya kushoto, huingia kando ya barabara, huegemeza pikipiki kwenye stendi na kuzima injini, ndipo akavua helmeti. Mambo haya yote huchukua muda usiozidi nusu dakika. Nyuki akipata mwanya hutoka mwenyewe. Kufungua kioo cha helmeti pikipiki ingali katika mwendo mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa upepo humsukuma mdudu ndani badala ya kumtoa.

Zipo sehemu ambazo hazina pa kusimama. Juu ya Daraja la Nyali, au katika barabara ya Makupa ambako malori ya bandarini hufuatana na matatu, kusimama ghafla ni kujitia katika hatari kubwa kuliko ya mdudu yeyote. Hapo mwiba uvumiliwe hadi barabara itakapopanuka. Ni ushauri mgumu kwa mtu anayeungua shavuni, lakini uvimbe wa shavu hupungua kwa barafu.

Abiria naye ana sehemu yake. Akimwona nyuki mgongoni mwa dereva asimpige kibao, bali amwambie kwa sauti ya kawaida asimame. Anayekaa upande, kama wafanyavyo wanawake wengi waliovaa buibui, hana usawa wa kumwezesha kurusha mikono pikipiki ikiwa katika mwendo. Mara nyingi huanguka yeye kwanza, kisha humvuta dereva.

Mambo hubadilika kabisa nyuki wanapokuwa wengi. Wingu la nyuki linalozunguka mti au ukuta, sauti ya mvumo isiyo ya injini, au miiba miwili mitatu inayofuatana kwa sekunde chache, ni dalili kuwa mzinga uko karibu na umeghadhabishwa. Hapo dereva hasimami. Hufunga kioo cha helmeti, hujiinamisha kidogo, na huendelea kwa mwendo wa kadiri bila kuyumba hadi apite mita 400 au zaidi. Nyuki huruka kwa kasi ya kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Pikipiki haihitaji kukimbizwa kama ya mashindano ili kuwaacha nyuma.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni la kusimama ili kuona kuna nini. Watu wakikusanyika, madereva wa bodaboda huwa wa kwanza kuegesha, na injini zilizoachwa zikinguruma chini ya mti wenye mzinga huwachokoza nyuki zaidi. Mtikisiko na moshi wa mashine ni miongoni mwa mambo yanayowaudhi, kama wanavyojua watu wanaokata nyasi kwa mashine.

Msongamano ukimzuia dereva kuondoka, pikipiki iachwe. Kitu chaweza kuokotwa baadaye. Dereva na abiria wake wafunike uso kwa leso au shati, wakiacha pengo la kuonea, na wakimbie kwa mstari ulionyooka kuingia dukani, nyumbani au ndani ya gari na kufunga mlango na vioo. Wachache watakaofuatwa hadi ndani ni afadhali kuliko mamia walioko nje.

Kisiwani hawakosekani watakaofikiria bahari. Hilo halifai. Nyuki hubaki wakizunguka juu ya maji, na mtu anapoibuka kutwaa pumzi hukutana nao kwa pua na mdomo, mahali ambapo mwiba ni mbaya zaidi.

Sababu ya miiba kufuatana ni harufu. Nyuki anapouma hutoa kemikali ambayo binadamu huihisi kama harufu ya ndizi mbivu, na kwa nyuki wengine hiyo ni mbiu ya mgambo: adui yuko hapa, piga papo hapo. Pumzi ya mtu pia huwaongoza, ndiyo maana hulenga uso. Rangi nazo zina nafasi yake. Nyuki amezoea kuvamiwa na wanyama wenye manyoya meusi au ya kahawia, hivyo vitu vyeusi na vyenye manyoya humkasirisha kuliko vyeupe, na wafugaji wa nyuki duniani kote huvaa mavazi meupe kwa sababu hiyo.

Katika jambo hili kanzu ina bahati kuliko buibui na koti jeusi, ingawa mikono yake mipana huwapa nyuki njia ya kuingia. Buibui nalo, pamoja na weusi wake, huufunika mwili vizuri, na mwenye ninja ana kinga ya uso ambayo dereva wake mwenyewe hana. Hatari kubwa ya vazi hilo kwenye pikipiki ingali ni ile ile ya pindo kunaswa na mnyororo au gurudumu, na hofu ya nyuki huwafanya watu wasahau kulikusanya. Mafuta na manukato makali ya maua nayo huwavuta wadudu. Katika mji unaopenda udi na asmini, hili ni la kukumbukwa na anayejua atapita karibu na mzinga.

Kinga ya kwanza, hata hivyo, iko katika sheria tayari. Tangu Sheria ya Trafiki iliporekebishwa mwaka 2012, dereva na abiria wa pikipiki wote wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi lenye vimulikaji, na abiria asizidi mmoja. Joto la Mombasa ndilo adui wa sheria hiyo. Helmeti hutundikwa mkononi kama kikapu, na inapovaliwa kioo chake huwa kimeinuliwa au kimeng'oka zamani. Helmeti isiyo na kioo hukinga fuvu mtu anapoanguka, lakini haimkingi na kile kitakachomwangusha. Asiye na kioo avae miwani iliyokaza pembeni, afunge vifungo vya shati hadi juu na aache kandambili nyumbani. Kabla ya kuivaa helmeti aipige kofi mara mbili kwa nje, aigeuze na kuitazama ndani.

Jambo linalowatisha watu kupita miiba ni kurudi kwenye pikipiki na kukuta kiti au usukani umefunikwa na nyuki kama zulia. Tukio la namna hiyo hukusanya umati, na umati ukishakusanyika maneno huanza: pikipiki ni ya wizi, na mwenyewe amekwenda kwa mganga. Habari za nyuki kutua juu ya mali inayodaiwa kuibwa, au juu ya mtuhumiwa, zimechapishwa mara nyingi nchini Kenya, na kila mara huzidi kuimarisha imani hiyo.

Maelezo yake yanajulikana. Kundi la nyuki linapokuwa kubwa, malkia mzee huondoka na maelfu ya wafanyakazi kutafuta makao mapya, huku mzinga ukiachiwa malkia mchanga. Kundi lililo safarini hutua mahali popote panaposhikika, kwenye tawi, mlingoti, kioo cha gari au mpini wa pikipiki, na hukusanyika kumzunguka malkia. Hilo ndilo bumba la nyuki. Wapelelezi hutumwa kutafuta tundu, na wakirudi hucheza juu ya migongo ya wenzao kueleza walichokiona. Mtaalamu wa Ujerumani, Martin Lindauer, aliichunguza ngoma hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuonyesha kuwa kundi haliondoki hadi wapelelezi wakubaliane juu ya makao mapya. Mapumziko hayo huchukua saa chache au siku kadhaa.

Bumba hutua kwenye pikipiki kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Likiondoka na mwingine akashangaa mbona nyuki wamerudi pale pale wiki iliyofuata, jibu ni harufu pia. Nyuki huacha alama yenye harufu inayokaribia ile ya mchaichai, na wafugaji huutumia mmea huo au mafuta yake kuyavutia makundi katika mizinga mipya.

Kutojua hayo kumekuwa hatari kwa watu, si kwa wezi pekee. Mtu aliyekutwa na pikipiki yenye nyuki aweza kuwa mmiliki halali mwenye hati zote, na katika nchi ambayo umati hautii shaka kuwapiga washukiwa wa wizi wa pikipiki, dakika tano za uvumi zinatosha kumpotezea uhai. Wizi huthibitishwa kwa namba ya injini, hati za umiliki na polisi.

Mwenye pikipiki iliyotuliwa hana haja ya kupigana na wageni hao. Nyuki waliomo safarini wameshiba asali na hawana watoto wala akiba ya kulinda, hivyo kwa kawaida huwa wapole. Tahadhari ingali lazima, kwa kuwa nyuki wa Afrika huhama pia kwa sababu ya njaa au usumbufu, na waliohamishwa na njaa hawana upole huo. Watu wasogee, watoto waondolewe, na aitwe mfugaji wa nyuki au kikosi cha zimamoto cha kaunti. Mara nyingi kundi huondoka lenyewe. Kuwachoma kwa moto au kuwamwagia petroli juu ya tangi lenye petroli ni wazimu usiohitaji maelezo.

Nyuki si peke yao barabarani. Nyigu na mavu hawapotezi mwiba wao na waweza kuuma mara nyingi. Hupenda kujenga chini ya paa za vibanda vya kuegeshea, chini ya kiti cha pikipiki iliyokaa siku nyingi, na hata ndani ya bomba la moshi. Nyigu anayejenga kwa udongo ni mpole kwa watu lakini si kwa mashine. Februari 1996, ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189 waliokuwamo. Wachunguzi waliona kuwa kijibomba cha kupimia kasi kilikuwa kimeziba, na waliyemshuku zaidi ni nyigu wa udongo. Pikipiki iliyoziba bomba itagoma kuwaka tu, lakini inafaa kuchungulia.

Kuna pia nyuki wadogo mno wasio na mwiba, wanaofuata jasho na machozi. Hawaumi, ila huzunguka macho kwa ukaidi, na dereva anayewapunga kwa mkono mmoja ameacha nusu ya usukani.

Kumbikumbi hutoka ardhini baada ya mvua na kufuata mwanga jioni. Kwingineko nchini ni kitoweo kinachosubiriwa kwa hamu. Kwenye kioo cha helmeti ni ukungu. Kuwafuta kwa mkono mkavu husambaza mafuta yao na kufanya taa za magari yanayokuja zitawanyike kama nyota, kwa hivyo kioo kioshwe kwa maji. Mdudu mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi, ambaye Wakenya humwita Nairobi Fly ingawa si nzi, haumi wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi, majimaji yake huibabua. Alisumbua wengi wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Huyo hupulizwa, hapigwi.

Mgeni asiye na hatia kuliko wote ni kereng'ende. Kila msimu wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, makundi yao huonekana yakielea juu ya viwanja na barabara, na humgonga dereva kifuani au kwenye kioo kwa kishindo cha kokoto. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewachunguza kwa miaka mingi katika visiwa vya Maldivi, alieleza kuwa kereng'ende hao huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki wakibebwa na pepo za msimu. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi katika Bandari ya Kale kwa karne nyingi. Anayewagonga anagonga wasafiri waliotoka mbali zaidi ya wengi waliopata kushuka pale.

Ikiwa mwiba umeshaingia, kasi ya kuutoa ni muhimu kuliko namna ya kuutoa. Kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata baada ya nyuki kwenda zake, na utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996 ulionyesha kuwa kuukwangua au kuubana hakuna tofauti kubwa, alimradi hakuna sekunde zinazopotezwa kutafuta kifaa. Ukucha unatosha. Baadaye mahali hapo paoshwe kwa sabuni na kuwekwa barafu. Pete ivuliwe mapema ikiwa mkono umeumwa.

Mdudu akiingia jichoni, jicho lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi mengi, na mwiba uliochoma jicho lenyewe uachiwe daktari. Akiingia sikioni, mtu alale upande na kutiwa matone machache ya mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu ili mdudu afe na kuelea, isipokuwa kwa mwenye tundu katika ngoma ya sikio. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni afyonze barafu akiwa njiani kwenda hospitali, maana uvimbe waweza kuziba njia ya hewa.

Dalili za mzio mkali hazingojwi. Vipele mwili mzima, kuvimba midomo na ulimi, kukosa pumzi, kutapika au kizunguzungu ndani ya dakika chache baada ya mwiba mmoja tu ni dharura, na dawa yake ni sindano ya adrenalini. Mtu mwenye dalili hizo asijaribu kuendesha pikipiki mwenyewe wala asiketishwe nyuma ya bodaboda, kwa kuwa aweza kuzimia njiani. Aitiwe gari au tuk-tuk na kupelekwa kituo kilicho karibu. Kwa walio kisiwani, hospitali kuu ya umma ni Hospitali ya Rufaa ya Pwani.

Kwa wasio na mzio, idadi ndiyo huamua. Makadirio ya kitabibu huweka kiwango cha kuua kuwa karibu miiba 20 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 15 aliyepakiwa mbele ya tangi hufikia kiwango hicho kwa miiba 300, idadi ambayo mzinga uliochokozwa huimaliza kwa dakika chache. Mtu aliyepata miiba 50 au zaidi anastahili kupimwa hata akijisikia mzima, kwani sumu nyingi huweza kudhuru figo baada ya siku moja au mbili.

Pikipiki iliyoachwa barabarani isifuatwe hadi jua litue na nyuki warejee mzingani. Jaketi, glavu na sponji ya helmeti vioshwe kwa sabuni usiku huo huo, kwa sababu ile harufu ya ndizi hubaki kwenye kitambaa, na dereva atakayevivaa bila kuvifua atapita kesho chini ya mti ule ule akiwa bado amebeba mwito wa jana.